Mama ameacha metformini kwa sababu unga "umepimwa". Nimjibu nini?

BintiKilombero (Morogoro), Jumapili saa 2:14 usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mama yangu ana miaka 61, anaishi Ifakara. Kisukari aligundulika nacho mwaka 2019. Alikuwa anameza vidonge vya metformini asubuhi na jioni, na sisi watoto tulimnunulia mashine ya kupimia, kwa hiyo namba zake nazijua. Kila asubuhi kabla hajanywa chai ananitumia meseji. Kwa kawaida anakuwa kati ya 8 na 11.

Mwezi uliopita akasikia redioni tangazo la unga wa mitishamba. Kopo moja 45,000, na dozi kamili ni makopo matatu. Akakopa kwenye kikoba chao akanunua yote. Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani nikalishika kopo mwenyewe: kifuniko cha kijani, karatasi imeanza kubanduka upande mmoja, imeandikwa mdalasini, mlonge, uwatu na habasoda, na chini yake kwa herufi nyekundu UMEPIMWA NA KUSAJILIWA. Ndani kuna kijiko cha plastiki cha njano. Ukifungua unanukia vizuri, kama jikoni siku ya pilau.

Muuzaji alimpa masharti mawili kwa simu. La kwanza, aache vidonge "ili dawa zisigongane". La pili, kwa siku 14 za mwanzo asiguse wali, ugali wa sembe, soda wala chai ya sukari. Mama akafuata yote. Siku ya tisa akapima, 7.1. Alinipigia akilia kwa furaha, na Jumapili yake akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Na mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo. Siku 14 zikaisha, akarudi kwenye chakula chake cha siku zote, unga anaendelea nao. Jana asubuhi 17.8. Leo 18.3. Anasema kiu haimwishi, na usiku anaamka mara nne au tano kwenda chooni.

Nikimwambia arudie vidonge ananijibu, "Mwanangu, hii imepimwa. Hivyo vya hospitali, wewe uliona vikipimwa?"

Nikakosa jibu. Kweli sikuona. Ndiyo naleta kwenu: mtu wa kawaida anajuaje kwamba dawa imejaribiwa kweli? Muuzaji nimuulize nini? Na hiyo metformini nani aliijaribu? Sitaki kumshinda mama kwa kelele. Nataka nimjibu.

---

NesiWodiYaWatoto (Tanga), Jumapili saa 3:02 usiku

Pole sana binti. La haraka kwanza. Sukari ya 18 pamoja na kiu na kukojoa namna hiyo si ya kuwekwa. Kesho asubuhi na mapema aende kituo cha afya, abebe mashine yake, kopo lake na vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, wavione. Akianza kutapika, kuhema kwa kasi au kusinzia isivyo kawaida, asingoje kukuche. Acha kusoma hapa, mpigie simu, kisha urudi.

Sasa swali la mama. Nimekuwa muuguzi miaka 34, karibu yote wodi ya watoto. Ungeniuliza swali hilo mwaka 2005 ningekujibu kwamba wakubwa wameshapima, basi. Kilichonibadilisha ni maji ya dripu.

Mtoto analetwa ana homa kali, mikono ya baridi. Unambonyeza ukucha, unaachia, unahesabu: moja, mbili, tatu, na ukucha bado mweupe, damu haijarudi. Tulifundishwa kwamba huyo mzunguko wa damu umelegea, mfungulie maji yaingie kwa kasi. Nami nilifungua. Nilikuwa nasimama kando ya kitanda nimeinua chupa juu kwa mkono wangu ili yaende haraka zaidi. Na nilikuwa naona: viganja vinapata joto, mtoto anafumbua macho, mama yake ananishika mkono. Mtu angeniambia maji yale yanaweza kudhuru, ningemwona hana huruma.

Mwaka 2009 kikaanza kitu kinaitwa FEAST, jaribio lililoongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi, Kenya. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi, nne za Uganda, na Muheza hapa kwetu. Mimi sikuwa ndani yake, kazi yangu ilikuwa hospitali nyingine, lakini wagonjwa ni walewale. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja walipewa maji ya chumvi kwa kasi, la pili albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, la tatu hawakupewa maji ya kasi. Mengine yote sawasawa: antibayotiki, dawa ya malaria, damu kwa anayeihitaji. Januari 2011 kamati ya usalama ikasimamisha jaribio kabla ya wakati, watoto wameshafika 3,141. Ndani ya saa 48, waliopewa maji ya kasi walikufa kama 10.5 katika kila 100. Wasiopewa, 7.3.

Tulisomewa namba hizo kwenye kikao cha asubuhi. Kikao kilipokwisha nilikwenda kukaa kwenye benchi nje ya stoo ya dawa, nikakaa pale mpaka nikaitwa. Watatu zaidi katika kila mia. Nilianza kuhesabu chupa nilizoinua, nikaacha.

Na nisikilize hapa, maana ndipo lilipo jibu la mama: nilichokiona hakikuwa uongo. Viganja vilipata joto kweli. Lakini macho yangu yalimwona mtoto niliyempa maji. Hayakuweza kumwona mtoto yuleyule kama nisingempa. Huyo anaonekana kwa njia moja tu, kuweka kando yake watoto wengine wanaofanana naye, kura iamue nani apewe na nani asipewe, halafu uhesabu wote, waliopona na waliokufa.

(Watoto wa kuharisha hawakuwemo kwenye jaribio lile. Aliyekauka kwa kuharisha anahitaji maji, tafadhali asije mtu akasoma hapa akamnyima.)

Tangu siku ile neno "imepimwa" halinitoshi. Nauliza: ililinganishwa na nini?

Mwanangu, maabara ikipima unga inatazama kilichomo, kama kuna sumu, kama kuna uchafu. Ni kazi ya maana. Usajili nao una maana yake. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na tuna Baraza lake, na mfanyabiashara anayefuata taratibu ni bora kuliko asiyefuata. Lakini katika hayo hakuna mgonjwa wa kisukari aliyewekwa kando ya mwingine. Kopo linaweza kuwa salama, limesajiliwa, na sukari lisiiguse.

Sasa tazama siku 14 za mama yako. Aliacha wali, sembe, soda na sukari, akala unga. Namba ikashuka. Akarudia wali, akaendelea na unga. Namba ikapanda mpaka 18. Mwambie achukue karatasi aandike hivyo mistari miwili, juu na chini, halafu yeye mwenyewe akuambie nani alishusha sukari.

---

Mtetezi_wa_Mizizi (Dar es Salaam), Jumapili saa 3:40 usiku

Kila siku ni kudharau vya kwetu. Babu zetu walitibiwa kwa mizizi kabla ya hospitali kuja. Wazungu wanachukua mimea yetu, wanaitengeneza vidonge, wanaturudishia kwa bei. Mbona hamyaulizi makampuni ya dawa maswali hayo? Shangazi yangu ametumia unga wa aina hiyo miezi sita na yuko vizuri hadi leo. Huo si ushahidi?

---

TichaKandoYaZiwa (Kisumu), Jumapili saa 4:11 usiku

Ndugu Mtetezi, makampuni tunayauliza pia, na wapo watu wanaofanya kazi hiyo mchana na usiku. Ngoja niwaeleze, kwa sababu mimi hufundisha mambo haya darasani.

Kuna shirika la hisani linaitwa Cochrane. Lilianzishwa Uingereza mwaka 1993, na mwanzilishi wake ni daktari Iain Chalmers. Kazi yake ni kukusanya majaribio yote yaliyofanyika kuhusu tiba moja, mazuri na mabaya, kuyapima ubora, na kutoa jibu la jumla. Mapitio yao hayaruhusiwi kulipiwa na kampuni inayouza dawa inayochunguzwa.

Jina ni la Archie Cochrane, daktari aliyekuwa mfungwa wa vita Salonika, Ugiriki, mwaka 1941. Wafungwa wenzake walivimba miguu kwa njaa, na yeye mwenyewe alivimba. Hakuwa na dawa. Alichukua watu 20, kumi chumba hiki, kumi chumba kile. Hawa akawapa hamira, wale vitamini C, na akahesabu wanakwenda haja ndogo mara ngapi. Siku ya nne tofauti ilionekana waziwazi: chumba cha hamira walikuwa wanapata nafuu. Akaenda na karatasi yake kwa Wajerumani, na hamira ikaletwa kwa kambi nzima. Baadaye yeye mwenyewe alikiri jaribio lile lilikuwa na makosa mengi. Wanafunzi wangu huipenda sana hadithi hii, kwa sababu ni daftari, vyumba viwili na kuhesabu.

Sasa BintiKilombero, umesema mdalasini uko kwenye kopo. Cochrane waliupitia mdalasini kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 2012. Walipata majaribio 10, watu 577, wengi wakila gramu mbili hivi kwa siku, kwa wiki 4 hadi 16. Jibu: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unasaidia kudhibiti sukari. Hawakusema ni sumu, wala hawakuucheka. Mdalasini ulipewa nafasi ya haki, watu wakagawanywa, wakahesabiwa, na tofauti ya kuaminika haikuonekana. Hivyo ndivyo mmea unavyoheshimiwa, kwa maoni yangu.

Na haya si mambo ya Wazungu peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na wenzao wa Norway na kwingineko, walitengeneza masomo ya katuni kwa watoto wa msingi, kuwafundisha kuuliza "nani kasema, na alilinganisha na nini". Mradi unaitwa Informed Health Choices. Kabla ya kuyasifu masomo yao waliyajaribu, kama dawa inavyojaribiwa: shule 120 za Uganda ya kati mwaka 2016, watoto zaidi ya 10,000, nusu ya shule zikapata masomo, nusu zikaendelea kama kawaida. Kwenye mtihani walifaulu watoto 69 kati ya 100 kwa shule za masomo, na 27 kwa zile nyingine. Mwaka 2022 wakaja na masomo ya sekondari kwa Kenya, Uganda na Rwanda. Hayo ndiyo natumia mimi, yako bure mtandaoni.

Mwezi wa pili msichana mmoja wa kidato cha pili alileta darasani chupa ya dawa ya vidonda vya tumbo aliyonunua nyanya yake ndani ya basi. Hakuuliza kama ni nzuri. Aliuliza, "Ticha, wale ambao hawakupona, muuzaji aliwaandika wapi?" Sikumjibu. Nililiandika swali hilo ubaoni na tukafunga kipindi nalo.

Kuhusu shangazi, ndugu yangu, nafurahi yuko vizuri. Ila ningependa kujua: aliacha vidonge? Alibadilisha chakula? Na majirani zake walionunua kopo hilohilo wako wapi?

---

NesiWodiYaWatoto (Tanga), Jumapili saa 4:50 usiku

Ahsante sana mwalimu. Kaka Mtetezi, nakuheshimu kwa kuwatetea wazee wetu, hata mimi nimelelewa kwa mwarobaini na mlonge. Lakini hapo umegusa jambo ambalo litamsaidia binti kumjibu mama yake, kwa sababu metformini nayo asili yake ni mmea.

Kuna mmea wa Ulaya unaitwa galega, una maua ya zambarau, waganga wao wa zamani walikuwa wanautumia. Wakemia wakakuta ndani yake kuna kitu kinachoshusha sukari, ila kilivyokuwa kilikuwa na sumu kwa binadamu. Metformini imetengenezwa kutokana na jamii ya kemikali hiyo. Daktari Jean Sterne wa Paris alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo binti, mwambie mama: vidonge vyako ni mti shamba wa watu wengine, ila wenyewe hawakuishia kwenye ushuhuda.

Na aliuliza nani aliona vikipimwa. Waliona Waingereza. Jaribio lao kubwa la kisukari lilianza mwaka 1977, matokeo ya metformini yakatoka mwaka 1998. Walichukua watu wenye uzito mkubwa waliogundulika kisukari karibuni. Watu 342 wakapangiwa metformini, 411 wakapangiwa matunzo ya kawaida ya kurekebisha chakula. Wakawafuata kwa zaidi ya miaka 10, wakahesabu wangapi wamekufa, wangapi wamepata shambulio la moyo. Vifo vya sababu zote vilikuwa pungufu kwa asilimia 36 kwa waliopangiwa metformini. Uone tofauti na redio, binti. Pande zote mbili zilishauriwa chakula. Kwa hiyo chakula hakikuweza kuvaa sifa za dawa, wala dawa sifa za chakula.

Muuzaji muulize haya, kwa upole, usigombane naye. Watu wangapi wa kisukari walipewa unga huu, na wangapi wasiopewa waliwekwa kando yao? Nani aliamua nani apewe? Walifuatwa muda gani? Na waliozidiwa walikuwa wangapi? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Aliyepona anapiga simu redioni. Aliyezidiwa analetwa wodini kwetu usiku, na redio haina habari naye.

Swali la nyongeza ambalo mimi ningemuuliza kabla ya yote: nani alikuruhusu kumwachisha mgonjwa vidonge kwa simu?

---

BintiKilombero (Morogoro), Jumatano saa 1:35 usiku

Shikamoo mama Nesi, na mwalimu, na wote. Nimerudi.

Jumatatu kaka yangu alimpeleka mama kwa bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mfuko wake kama ulivyosema. Walimpima sukari na mkojo, wakamwongezea maji, wakamweka mpaka jioni. Amerudishiwa metformini na ameongezewa kidonge kingine. Hawakumgombeza kuhusu kopo. Daktari alilifungua akanusa, akaandika majina ya vilivyomo kwenye faili. Mama anasema hilo ndilo lililomfanya amsikilize.

Muuzaji nilimpigia. Nilimuuliza kama ulivyonipangia: wangapi walipewa, wangapi hawakupewa. Akanyamaza, kisha akasema "dada, hii dawa inafanya kazi kwa kila mtu". Nikamuuliza kuhusu waliozidiwa. Akasema atanipigia. Badala yake kanitumia sauti tatu za watu wanaoshukuru, na ujumbe kwamba kopo la nne nitapunguziwa. Kuhusu kuachishwa vidonge hakujibu kabisa.

Ile karatasi mama aliiandika, kwa namna yake. Nilikuwa naye kwenye simu. Aliandika chakula juu, unga katikati akachora mstari mrefu ulionyooka mwanzo hadi mwisho, na sukari chini. Akakaa kimya muda. Kisha akasema, "Kumbe wali." Halafu akaniuliza habari za yule daktari mfungwa na hamira, maana nilimsomea maneno ya mwalimu, akataka nimrudie ile ya vyumba viwili. Jumapili anataka asimame tena kanisani, kwa sababu wapo wawili wa jumuiya yao walionunua kopo baada ya kumsikia yeye. Mmoja ana dawa za presha. Linamuuma sana hilo.

Leo asubuhi 12.6.

---

NesiWodiYaWatoto (Tanga), Jumatano saa 2:08 usiku

Marahaba mwanangu. Nimeisoma mara mbili.

Wale wawili wasingoje Jumapili. Mama awafuate nyumbani kesho, hasa huyo wa presha, ajue kama naye aliambiwa aache vidonge, na arudi kliniki kupimwa.

Akirudi kliniki aombe wampime figo, ni damu tu wanachukua, kwa kuwa metformini inahitaji figo nzima. Na mwambie siku hiyo avue viatu na soksi, daktari amtazame nyayo na katikati ya vidole hata kama hasikii maumivu. Namba za asubuhi aendelee kuziandika, na pembeni ya kila namba aandike alikula nini usiku uliopita.